Mboga za Majani za Kwetu na Kazi ya Kuchagua Mbegu

Mwanzo wa masika, ikiisha kunyesha mvua siku tatu nne mfululizo, majani huota pasipo kupandwa na mtu. Huota nyuma ya zizi la ng'ombe, huota kando ya jalala, huota katikati ya mahindi machanga. Mtu asiyeyajua huyaita magugu, huyakata kwa jembe akayatupa njiani. Mtu ayajuaye huenda kuchukua kikapu. Jani ni lile lile. Tofauti i katika elimu ya yule alitazamaye.

Majani yaliwayo ni mengi. Katika nchi ya Kenya peke yake wataalamu wamehesabu karibu aina 200 za mimea ambayo watu hula majani yake. Katika somo hili zitaelezwa tatu tu, maana hizo zapatikana karibu kila mahali katika Afrika ya Mashariki, nazo ni mchicha, mnavu na mgagani. Mnavu huitwa managu na Wakikuyu, na Wajaluo huuita osuga. Mgagani huitwa chinsaga na Wakisii, na kwa Wajaluo ni dek. Mchicha ni mmea wenye majani mapana na mbegu ndogo sana. Mnavu huzaa matunda madogo ya mviringo, meusi au ya rangi ya chungwa. Na mgagani una majani yaliyogawanyika kama vidole vya mkono.

1. Jinsi mboga hizi zilivyodharauliwa

Zamani kila nyumba ilikuwa na mboga hizi, wala hapana aliyeona haya kuzila. Kisha zikaja mboga za kigeni, kama kabichi, na ile iitwayo sukuma wiki. Mboga hizo ni njema, wala hapana sababu ya kuzichukia. Lakini watu wengi walifikiri kwamba kitu kipya lazima kiwe bora kuliko cha zamani. Basi mboga za kwetu zikaitwa mboga za maskini, na watoto wakaona haya mgeni alipowakuta wakizila. Hata katika vyuo vya kilimo zilihesabiwa kuwa magugu, na wanafunzi walifundishwa jinsi ya kuzing'oa kuliko jinsi ya kuzipanda.

Mmoja wa watu walioipinga dharau hiyo ni Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Kenya, mwalimu katika Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Katika utoto wake vyakula vitokavyo kwa wanyama, kama maziwa na mayai, vilimdhuru mwili, hata ikambidi kulelewa kwa mboga za majani zilizopikwa na wazee wake. Alipokuwa mtu mzima akasomea kilimo cha bustani, akaona kwamba mboga zile zilizomkuza hazikutajwa katika masomo ila kwa jina la magugu. Katika miaka ya 1990 alianza kuzichunguza. Alikusanya mbegu kwa wakulima wa magharibi ya Kenya, akazipanda, akazilinganisha, akawafundisha watu kuzilima na kuzipika. Mwaka 2010 Umoja wa Afrika ulimpa tuzo ya sayansi iitwayo kwa jina la Kwame Nkrumah. Siku hizi managu na chinsaga huuzwa hata katika maduka makubwa ya Nairobi. Wahenga walisema, mdharau biu hubiuka.

Hapa mwanafunzi na aelewe jambo moja. Kusema "mboga za kwetu" si kusema kwamba kila mmea ulizaliwa katika Afrika. Mnavu, mgagani na kunde ni mimea ya bara hili tangu kale. Lakini baadhi ya aina za mchicha zilizopandwa sana zilitoka Amerika, kama vile muhogo na mahindi. Zimekaa kwetu muda mrefu, zikaizoea ardhi yetu, na mama zetu wakajua kuzipika. Mmea huwa wa watu kwa kutunzwa nao.

2. Faida ya mboga hizi mwilini

Ugali hushibisha tumbo, lakini haumpi mtu yote ayahitajiyo. Mtoto aweza kushiba kila siku na bado asikue vema. Akikosa vitamini A, macho yake huanza kushindwa kuona jioni, hata akajikwaa penye kiti ambacho watu wengine wakiona. Na akizidi kukosa, aweza kupofuka kabisa. Akikosa madini ya chuma, damu yake hupungua nguvu, naye huwa mchovu, hupumua kwa shida akipanda mlima, na darasani husinzia. Watu husema ni mvivu, kumbe ni mgonjwa. Mama mwenye mimba akikosa chuma huwa katika hatari siku ya kujifungua.

Mchicha, mnavu na mgagani zina chuma na vitu ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A, tena kwa wingi kuliko kabichi. Lakini faida hiyo yategemea upishi. Mafuta kidogo, au karanga zilizopondwa, au maziwa, husaidia mwili kupokea vitamini A iliyo ndani ya majani. Maji ya limau au matunda yenye ukali huusaidia mwili kupokea chuma. Na chai inyweayo pamoja na chakula huzuia chuma kisiingie damuni, kwa hiyo ni vizuri kuinywa saa nyingine. Mboga isipikwe kwa muda mrefu mno, maana moto mwingi huharibu vitamini.

Tena kuna mambo ya kuangalia. Matunda mabichi ya mnavu, yakiwa bado ya kijani, yana sumu, wala watoto wasiyale. Majani ya mnavu na ya mgagani yana uchungu. Wapishi wengi huyachemsha kwanza, wakamwaga maji yale, ndipo wakatia maziwa au karanga. Mchicha uliokomaa sana wafaa kufanyiwa vivyo hivyo. Na kisamvu hutwangwa na kupikwa mpaka kiive kabisa, kwa sababu majani ya muhogo yakiwa mabichi yana sumu kali.

3. Majirani wawili na mbegu moja

Sasa tuje kwenye jambo lililo kuu katika somo hili, nalo ni mbegu.

Tuseme kuna majirani wawili, na kila mmoja ana tuta moja la mgagani. Mbegu zao ni sawa, zilitoka katika chupa moja. Udongo wao ni sawa na mvua ni ile ile. Katika kila tuta kuna mimea ya namna namna: mingine ina majani mapana, mingine membamba, mingine hutoa maua mapema, mingine hukawia. Mgagani ukianza kutoa maua, nguvu zake huenda katika maua na mbegu, na majani huwa madogo na magumu. Kwa hiyo ule ukawiao kutoa maua ndio uletao mboga nyingi.

Jirani wa kwanza hufanya kama wafanyavyo watu wengi. Atakapo mboga, huchagua mimea iliyo mizuri kuliko yote, akaing'oa, akaipika. Siku ya pili hung'oa mizuri iliyobaki. Mwisho wa msimu husalia mimea midogo tu, ile iliyotoa maua upesi ikawa haina majani ya kutamanisha. Mimea hiyo ndiyo izaayo mbegu, na mbegu hiyo ndiyo aiwekayo kwa mwaka ujao. Hakukusudia jambo baya. Lakini bila kujua, kila mwaka amekula wazazi wema na kuwaacha wazazi dhaifu. Baada ya miaka kadhaa mgagani wake hutoa maua ungali mdogo, naye hulalamika kwamba ardhi imechoka, au kwamba mboga za kale hazina faida. Ardhi haikukosa neno. Kilichochoka ni mbegu.

Jirani wa pili hutangulia na kuchagua kabla ya kuvuna. Mimea yake ikiwa bado michanga, hupita tutani asubuhi, akatazama kwa makini. Mmea wenye majani mengi, usio na ugonjwa, usioliwa na wadudu, huufunga kitambaa chekundu. Awaonya watu wa nyumbani: mmea wenye kitambaa hauguswi. Ile itoayo maua mapema kuliko mingine huing'oa upesi, kabla vumbi la maua yake, ambalo wataalamu huliita chavua, halijachukuliwa kwenda kwenye maua ya mimea myema. Iliyobaki huila. Msimu ukiisha huvuna mbegu za mimea yenye kitambaa tu, akazichanganya pamoja. Naye hufanya hivyo mwaka kwa mwaka.

Faida yake haionekani kwa siku moja. Mwaka wa kwanza tuta lake hufanana na la mwenzake. Lakini kila mwaka mimea dhaifu huzaa kidogo, na mimea bora huzaa zaidi, mpaka mwisho tuta zima hubadilika. Wahenga walisema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni kweli kwa jembe. Bali achaguaye mbegu ni mkulima halisi.

Lakini mchaguaji ana makosa mawili ya kuepuka. La kwanza, asidanganywe na samadi. Mmea ulioota penye rundo la mavi ya ng'ombe huwa mkubwa kwa sababu ya chakula, wala si kwa sababu ya uzazi wake, na ukubwa wa namna hiyo haurithiwi na watoto. Vile vile mmea ulio ukingoni, peke yake, hupata jua na nafasi zaidi ya wenzake. Kwa hiyo achague katikati ya tuta, kati ya mimea iliyotendewa sawa. La pili, asiweke mbegu za mmea mmoja tu, hata ukiwa mzuri namna gani. Mbegu za mmea mmoja zina asili nyembamba. Ukija ugonjwa mpya, huenda zote zikafa pamoja. Afadhali aweke mbegu za mimea 30 au zaidi.

4. Kazi ya wataalamu wa mbegu

Yale ayafanyayo jirani wa pili katika tuta moja, wataalamu huyafanya kwa upana zaidi. Huko Tengeru, karibu na mji wa Arusha, kuna tawi la Kituo cha Mboga cha Dunia. Kituo chenyewe kilianzishwa katika kisiwa cha Taiwan mwaka 1971, na tawi la Arusha lilifunguliwa mwaka 1992. Wataalamu wake hukusanya mbegu za mboga za Afrika kutoka nchi mbalimbali. Kila mbegu huandikiwa mahali ilipotoka, na jina iitwalo na wenyeji. Kisha hukaushwa na kuwekwa katika chumba cha baridi, ili isife. Hazina hiyo ni ya thamani kuu, kwa maana aina ya mbegu ikisha kupotea duniani, hapana fundi awezaye kuiunda upya.

Baada ya kukusanya huja kulinganisha. Mbegu za mahali mbalimbali hupandwa kwa mistari katika shamba moja, zikapewa samadi sawa na maji sawa. Wataalamu huhesabu siku tangu kupanda hata kutoa maua. Hupima uzito wa majani. Huandika ni mmea upi umeshikwa na ugonjwa na upi umepona. Tena huwaita wakulima na wanunuzi waje kutazama na kuonja, kwa kuwa mboga yaweza kuzaa sana nayo isipendwe na mlaji. Watu wa mahali pengine hupenda mnavu mchungu, na wengine hupenda usio na uchungu mwingi. Mtaalamu hana budi kuwasikiliza wote.

Pengine sifa mbili zitakiwazo zimo katika mimea miwili tofauti. Mmoja una majani mengi lakini huugua upesi. Wa pili ni mgumu lakini majani yake ni madogo. Hapo mtaalamu huchukua chavua ya ua la mmoja, akaitia kwa mkono katika ua la wa pili. Watoto wake huwa mchanganyiko: wengine hurithi ubaya wa wazazi wote wawili, na wachache hurithi uzuri wa wote wawili. Hao wachache huchaguliwa, wakapandwa, watoto wao wakachaguliwa tena, kizazi baada ya kizazi. Kisha mbegu hujaribiwa katika nchi ya juu na ya chini, misimu kadhaa, kabla ya kukubaliwa na serikali. Hiyo ni kazi ya miaka mingi. Miongoni mwa mbegu zilizotoka katika kazi hiyo ya Arusha ni mchicha uitwao Madiira, na minavu iitwayo Nduruma na Olevolosi.

Mbegu hizo si chotara. Mkulima akiisha kuzinunua mara moja, aweza kujiwekea nyingine kutoka shambani mwake, maadamu anachagua kama jirani wa pili. Mbegu chotara hazifai kufanyiwa hivyo, kwa sababu watoto wake hawafanani na mzazi.

5. Kulima tuta la mboga

Tuta la mboga liwe na upana wa mita 1, ili mtu aweze kufika katikati bila kukanyaga udongo. Ardhi ilimwe vizuri, mabonge yavunjwe, na samadi iliyooza itiwe kwa wingi. Samadi mbichi huunguza miche. Katika masika tuta liinuliwe, maji yasisimame. Katika kiangazi lishushwe kidogo, maji yasikimbie.

Mbegu ya mchicha ni ndogo mno: katika gramu 1 zimo zaidi ya 1,000. Kwa hiyo huchanganywa na mchanga mkavu, ili isimwagwe mahali pamoja. Vichorwe vijifereji vya kina cha nusu sentimita, vikiachana kama sentimita 20, mbegu zitiwe, zifunikwe kwa udongo mwembamba, na juu yake zitandazwe nyasi. Maji yatiwe kwa kopo lililotobolewa matundu, asubuhi na jioni. Miche ikitokeza, nyasi ziondolewe. Iliyosongamana ipunguzwe, na hiyo iliyong'olewa ni mboga tayari. Baada ya majuma 3 au 4 mchicha waweza kung'olewa wote. Au ukatwe kiasi cha sentimita 15 kutoka ardhini, nao utachipua tena.

Mnavu huoteshwa kwanza kitaluni. Miche ikipata majani 5 au 6, huhamishiwa tutani wakati wa jioni, ikiachana sentimita 30. Ncha zikichumwa, matawi hutoka kwa wingi.

Mgagani haupendi kuhamishwa, kwa hiyo hupandwa papo hapo. Vichomozo vya maua vikianza kutokea juu, mkulima huvikata kwa vidole, ili mmea uzidi kutoa majani. Ila katika ile yenye kitambaa, huviacha.

6. Kuvuna na kutunza mbegu

Kila mmea una njia yake. Kichwa cha mchicha hukatwa pale mbegu zinapoanguka zikisuguliwa katika kiganja. Hukaushwa juu ya mkeka, hupigwa kwa fimbo, hupepetwa kwa ungo. Chavua ya mchicha huchukuliwa na upepo; kwa hiyo michicha ya aina nyingine iliyo karibu ing'olewe, mbegu zisichanganyike. Maua ya mnavu kwa kawaida hujizalisha yenyewe, hivyo mbegu zake hufanana na mama yao. Matunda yake yaliyoiva hupondwa ndani ya maji. Maganda huelea, mbegu nzima huzama, nazo huoshwa mpaka maji yawe safi, kisha huanikwa kivulini. Vitumba vya mgagani havina budi kuchumwa vikigeuka kuwa vya manjano, kabla havijapasuka na kumwaga mbegu ardhini. Tena mbegu mpya ya mgagani hulala: ikipandwa mara baada ya kuvunwa, huota chache tu. Iwekwe miezi mitatu hata sita, ndipo ipandwe. Watu wengi wasiojua jambo hilo wameitupa mbegu njema wakidhani imekufa.

Adui wa mbegu ni joto, unyevu na wadudu. Mbegu kavu itiwe katika chupa safi yenye kifuniko, pamoja na majivu makavu, iandikwe jina na mwaka, iwekwe mahali pa baridi, mbali na meko.

Kabla ya kupanda, mbegu ijaribiwe. Zihesabiwe mbegu 100, ziwekwe juu ya kitambaa chenye maji, na kitambaa kisiachwe kukauka. Baada ya juma moja zihesabiwe zilizoota. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 40, mkulima apande maradufu, au atafute nyingine. Afadhali kujua hayo katika kitambaa kuliko kuyajua shambani baada ya mvua kupita.

7. Faida nyumbani na sokoni

Mahindi humtaka mkulima angoje miezi mingi. Mchicha huingia chunguni kabla ya mwezi kuisha. Mwenye kiwanja kidogo, hata asipokuwa na shamba, aweza kupanda tuta moja kila baada ya juma mbili, akapata mboga mfululizo na ziada ya kuuza. Katika nchi nyingi za Afrika kazi hii ni ya wanawake, na fedha ya mafungu ya mboga ndiyo inunuayo chumvi, sabuni na madaftari ya shule.

Mboga huharibika upesi. Ichumwe alfajiri, ifunikwe kwa kitambaa chenye maji, ifike sokoni kabla ya jua kali. Iliyozidi yaweza kuchemshwa kidogo na kukaushwa kivulini, ikawekwa kwa ajili ya kiangazi.

Mbegu nazo ni biashara, lakini biashara yenye amana. Muuza mboga mbaya hupoteza chakula cha siku moja. Muuza mbegu mbaya humpotezea mwenzake msimu mzima. Kwa hiyo serikali huweka sheria. Katika Tanzania mbegu hukaguliwa na taasisi iliyowekwa kwa kazi hiyo, na wakulima wadogo huruhusiwa kuzalisha mbegu za daraja la kuazimiwa na kuziuza katika eneo lao, mashamba yao yakiisha kukaguliwa.

Basi mwanafunzi apitapo karibu na jalala baada ya mvua, na asiseme, "Haya ni magugu." Na aulize jina la kila jani, na zaidi ya yote awaulize bibi zake, maana wao wajua majani yasiyoandikwa katika kitabu chochote. Kila mwaka bibi mmoja hufariki na chupa yake ya mbegu hutupwa pamoja na vyombo vikuukuu. Mjukuu aliyeuliza mapema ndiye atakayeiokoa.

Maswali

1. Kwa nini mboga za kwetu ziliitwa mboga za maskini? Je, jina hilo lilikuwa la haki?
2. Mtoto akikosa vitamini A huonekana na dalili gani? Akikosa chuma je?
3. Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini mgagani wa jirani wa kwanza ulidhoofika.
4. Mmea mkubwa ulioota penye rundo la samadi wafaa kuchaguliwa kwa mbegu? Toa sababu.
5. Kwa nini haifai kuweka mbegu za mmea mmoja tu?
6. Katika mbegu 100 zilizojaribiwa ziliota 65. Je, katika mbegu 1,000 zitaota ngapi?

Kazi ya bustanini

Wanafunzi wagawane tuta moja la mchicha katika sehemu mbili. Mimea iliyo bora ya sehemu ya kwanza ing'olewe iliwe, na midogo iachwe izae mbegu. Katika sehemu ya pili mimea iliyo bora ifungwe vitambaa iachwe, na midogo iliwe. Mbegu za sehemu hizo zisichanganywe, ziwekwe katika chupa mbili zilizoandikwa. Msimu ujao zipandwe katika matuta mawili yaliyo sawa, yenye samadi sawa, na majani ya kila tuta yapimwe kwa mizani. Hesabu ziandikwe katika daftari la bustani, wapate kuzisoma wanafunzi watakaofuata, nao waendeleze kazi hiyo msimu kwa msimu.